Je, Picha ya Ubongo Itaonyesha Kwamba Mwanangu Amepona Unga?

Barua tatu tunazozijibu mwezi huu zimetoka Tanga mjini, kila moja kwa mkono wake, na zote zinahusu heroini, ambayo mitaani tunaiita unga. Majina tumeyaondoa. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake kuna hatari ambayo haingoji toleo lijalo.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Makorora na ninauza vitumbua. Mwanangu wa pili alianza unga akiwa na miaka 19. Mwaka jana tulichangishana ukoo mzima tukampeleka katika nyumba ya upataji nafuu, akakaa miezi minane. Alirudi amenawiri, anaswali, anamsaidia baba yake kazi. Wiki ya tano tangu arudi tulimtuma Ngamiani kununua spea ya baisikeli, akapita karibu na maskani yao ya zamani, na usiku ule hakurudi. Tulimkuta alfajiri hajitambui, anakoroma, midomo imegeuka rangi, Mungu alimnusuru. Baba yake anasema kijana alitudanganya miezi yote minane. Nimesikia redioni kwamba wataalamu hupiga picha ubongo wa mraibu wakauona ugonjwa ulipo. Nikiuza kiwanja changu nikampeleka Dar es Salaam apigwe picha hiyo, itaonyesha kama amepona? Na ikiwa alikuwa ameacha kweli, kitu gani kilimrudisha?

JIBU: Mama, shikamoo. Kiwanja usikiuze. Mashine za MRI, zinazopiga picha ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku, zipo katika hospitali kubwa za Dar es Salaam na zina kazi zake za maana, kama kutafuta uvimbe, kiharusi au jeraha ndani ya kichwa, lakini hakuna daktari, wa hapa nchini wala wa ng'ambo, anayeweza kuitazama picha ya mtu mmoja akakwambia kwamba huyu bado ni mraibu na yule amepona.

Picha ulizozisikia zikisimuliwa ni za kweli, ila inafaa kujua zinavyopatikana. Mtu hulazwa ndani ya mashine ya MRI, akaonyeshwa vitu mbalimbali kwenye kioo, na mashine ikapima jinsi damu yenye oksijeni inavyokimbilia sehemu za ubongo zinazofanya kazi wakati huo. Msingi wa njia hii uliwekwa mwaka 1990 na Seiji Ogawa na wenzake. Rangi nyekundu na ya njano zinazochapishwa magazetini hazimo kichwani mwa mtu. Ni kompyuta iliyozipaka baada ya kukokotoa tofauti ndogo sana kati ya hali mbili, na kwa kuwa tofauti ni ndogo, watafiti hulazimika kuwapima watu wengi kidogo, ishirini au hamsini, wakachukua wastani wao na kuulinganisha na wastani wa watu wasiotumia. Wastani husema habari za kundi, na mwanao si kundi. Hata huo wastani humhadaa mkokotoaji asipokuwa mwangalifu: mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki mfu, aina ya salmoni, ndani ya mashine hiyo, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu zilipoachwa bila masahihisho ubongo wa samaki yule ukaonekana kana kwamba unafikiri. Wavuvi wa Sahare watacheka, lakini kisa kile kiliwashtua wanasayansi wengi wakarudia hesabu zao.

Pamoja na tahadhari hiyo, tafiti nyingi zikiwekwa pamoja zinatoa habari inayofanana, na habari hiyo inamhusu mwanao. Mwaka 2001 watafiti wa Bristol, Uingereza, waliwachukua watu waliokuwa wameshaacha heroini, wakawasikilizisha masimulizi ya kumbukumbu zao wenyewe za wakati waliposhikwa na hamu ya kutumia, huku ubongo ukipimwa. Hapakuwa na dawa mwilini wala mbele ya macho. Hata hivyo damu iliongezeka katika sehemu za mbele na za katikati za ubongo, zile zinazoshughulika na kulipa jambo uzito na kulielekezea nia. Baadaye watafiti wa China waliwaonyesha wagonjwa picha za vitu vya heroini, kisha wakawafuatilia kwa miezi mitatu. Wale walioonyesha mwitikio mkubwa zaidi katika sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na malipo ya raha walielekea kurudia zaidi kuliko wenzao.

Mwanao alipofika Ngamiani hakukutana kwanza na unga. Alikutana na kona, na sauti ya mtu anayemwita kwa jina lake la kijiweni, na labda harufu ya kiberiti. Ubongo uliokuwa umefundishwa kwa miaka kwamba baada ya kona ile huja kete, yaani kifuko kidogo cha unga, na baada ya kete huja faraja, ulianza kujiandaa kabla yeye mwenyewe hajaamua lolote. Waliowahi kupita njia hiyo husimulia kwamba tumbo hukoroga, viganja hutoa jasho, na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ambayo mwili ulishaisahau miezi mingi iliyopita, huanza kurudi. Picha zinatusaidia kuamini kwamba hawasingizii.

Mfikishie mzee salamu zangu, na kwa heshima umwambie kwamba sidhani alidanganywa. Miezi minane kijana aliishi mahali pasipo na kona hizo, na sisi tukadhani amevuka, kumbe dau lilikuwa bado ufukweni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Lee Robins, aliwafuatilia askari waliokuwa wamezoea heroini wakiwa vitani Vietnam, na serikali yao ikaogopa kwamba miji itajaa waraibu. Waliporudi makwao, mbali na kambi, mbali na wenzao wa kuvuta na mbali na vita, ni takriban asilimia 5 tu waliorejea katika uraibu katika mwaka wa kwanza. Wengi wa vijana wetu hupitia kinyume cha hayo: huachishwa ugenini kisha hurudishwa pale pale walipozoea. Mimi nisingemtuma Ngamiani peke yake wiki ya tano. Silisemi hili kukulaumu, maana hakuna aliyekuambia.

Sasa hatari niliyoitaja mwanzoni. Mtu anayetumia heroini kila siku huzoea, na sehemu ya shina la ubongo inayoamrisha pumzi huzoea pia, kwa hiyo anaweza kumudu kiasi ambacho kingemuua mtu mwingine. Akiacha kwa wiki chache, mazoea hayo hupotea, lakini kumbukumbu ya kipimo chake cha zamani haipotei. Akirudi akatumia kiasi kile kile, pumzi husimama. Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa London uliowafuatilia wagonjwa 137 walioingia hospitali kuondolewa heroini mwilini. Katika miezi minne ya kwanza watatu walikufa kwa kuzidisha dozi, na wote watatu walitoka katika kundi la watu 37 waliokuwa wamemaliza tiba kikamilifu na kutoka wakiwa safi, si katika makundi ya waliokatisha. Mkoromo ule na midomo iliyogeuka rangi, mama, zilikuwa dalili za kifo kilichokaribia.

Kwa hiyo ikitokea tena, Mungu aepushe, msimnyweshe maziwa wala chochote, kwa kuwa mtu asiyejitambua kinywaji humwingia mapafuni, wala msimchome sindano ya maji ya chumvi kama wanavyofanya baadhi ya vijiwe. Mlazeni ubavu, hakikisheni kinywa kiko wazi, mpulizieni pumzi ikiwa hapumui, na mumwahishe hospitali, ambako mwambieni mhudumu bila kuficha kwamba ametumia unga, ili apewe naloksoni, dawa inayoiondoa heroini kwenye vipokezi vya ubongo, yaani mahali inapojishika, ndani ya dakika chache. Nguvu ya naloksoni huisha mapema, ndiyo maana hata akiamka akataka kuondoka haifai kumruhusu aende zake papo hapo.

Fedha ambayo ungeitumia kwa picha, itumie kidogo kidogo kwa nauli ya kumpeleka kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini ili kuzuia arosto, katika Hospitali ya Bombo hapa Tanga, ambako dawa hutolewa bila malipo. Barua inayofuata itakueleza kwa nini.

SWALI: Mshauri, nina miaka 34 na ninakunywa methadoni pale Bombo, huu ni mwaka wa pili. Nimerudi kwenye useremala, mke wangu amerudi, lakini kijiweni wanatuita mateja, yaani waraibu, wa serikali, na mke wangu anauliza nitamaliza lini. Nina mambo mawili. Kwanza, asubuhi nikiwa njiani, kabla ya kunywa, nikiona tu karatasi ya kung'aa ya sigara moyo hushtuka, lakini nikishakunywa hata nikiiona siijali. Ni akili yangu tu? Pili, nimeanza dawa za kifua kikuu mwezi uliopita, na sasa arosto inanijia usiku kana kwamba dozi imepunguzwa, ingawa haikupunguzwa.

JIBU: Mdogo wangu, naanza na la pili, maana hilo huwezi kulisubirisha. Dawa moja kuu ya kifua kikuu, rifampisini, huliamsha ini livunje methadoni upesi kuliko kawaida, kwa hiyo kiwango kilichokuwa kinakutosha kutwa nzima sasa huisha kabla ya alfajiri. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya vivyo hivyo. Kesho dirishani mwambie muuguzi unatumia dawa gani. Watakupima na kuirekebisha dozi. Usiache dawa za kifua kikuu, na usijazilize pengo la usiku kwa kete wala kwa valiamu. Na utakapomaliza dawa za kifua kikuu uwakumbushe tena, kwa kuwa ini litatulia na dozi iliyopandishwa itakuwa kubwa mno kwako.

Kuhusu karatasi ya kung'aa, umeeleza kwa maneno yako jambo ambalo Daniel Langleben na wenzake wa Philadelphia walilichapisha mwaka 2008. Waliwapiga picha wagonjwa 25 waliokuwa wakitumia methadoni, mara moja kabla ya dozi ya siku na mara nyingine baada yake, huku wakionyeshwa picha za vitu vya heroini. Kabla ya dozi, sehemu za ubongo zinazohusika na hofu, kumbukumbu na hisia za mwili ziliitikia kwa nguvu. Baada ya dozi mwitikio ulipungua. Haukwisha kabisa, kwani sehemu moja ya mbele, juu ya macho, iliendelea kuitikia. Hivyo si akili yako tu, na wala si udhaifu wako tu. Ninachokushauri ni kubadili njia ya kwenda Bombo ili saa ile ya kabla ya kunywa usipite mahali panapokushtua. Baiskeli unayo, na Tanga ina mitaa mingi iliyonyooka.

Hilo la mateja wa serikali lahitaji maelezo marefu kidogo. Juu ya chembe za ubongo kuna vipokezi, ambavyo unaweza kuvifikiria kama viti vya shughuli vilivyopangwa uani. Mwili una wageni wake wa asili wanaoketi hapo, wakatuliza maumivu na kuleta utulivu. Heroini huingia kama kundi la wahuni: hujaza viti vyote kwa kishindo, hupiga kelele, na baada ya saa chache hutoka wote kwa pamoja na kuacha ua mtupu, ndipo arosto huanza na mtu hutoka kutafuta kete nyingine, mara tatu au nne kwa siku. Methadoni huketi kwa utulivu zaidi ya saa 24, kwa hiyo ubongo haupandi wala hauporomoki.

Viti hivyo vimehesabiwa kwa kipimo kiitwacho PET, ambacho humwingiza mwilini mgeni mwenye mionzi kidogo ili kamera ione amepata nafasi wapi na wapi amekuta pamejaa. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani, akiwamo Mary Jeanne Kreek, aliyekuwa katika timu iliyoanzisha tiba ya methadoni mjini New York katikati ya miaka ya 1960, waliwapima wagonjwa waliokuwa wamedumu na methadoni na kuwalinganisha na watu wasio na uraibu. Katika sehemu walizozichunguza, viti vilivyokuwa wazi vilipungua kwa asilimia 19 hadi 32 tu. Maana yake ni kwamba wageni wa asili wa mwili bado walikuwa na mahali pa kukaa, na ndiyo sababu mtu aliyepata dozi sahihi huchana mbao, hukasirika, hucheka na husikia maumivu kama mtu mwingine. Dawa nyingine ya kutibu uraibu wa heroini, buprenofini, ina tabia tofauti: mwaka 2003 ilipimwa ikaonekana kwamba miligramu 2 hupunguza viti vilivyo wazi kwa asilimia 41, na miligramu 16 kwa asilimia 80, lakini ukiongeza hadi 32 hupati zaidi ya asilimia 84. Ninaitaja ili ujue kwamba dozi za dawa hizi hazikupangwa kwa kubahatisha.

Mke wako anauliza utamaliza lini, na swali lake ni la haki. Siwezi kumpa tarehe, na ningemtilia shaka yeyote anayetoa tarehe. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 uliunganisha tafiti za nchi kadhaa ukaona kwamba katika kila watu 1,000 waliofuatiliwa kwa mwaka, waliokuwa ndani ya tiba ya methadoni walikufa takriban 11, na waliokuwa wametoka takriban 36. Ninapozitazama takwimu hizo naona kwamba haraka ya kumaliza ni gharama ambayo familia huilipa bila kuijua. Ukifika wakati wa kupunguza, hupunguzwa polepole, kwa miezi, na kwa makubaliano yako na kliniki. Muhimbili walipofungua kliniki ya kwanza mwaka 2011, wengi walidhani ni mradi wa kupita. Leo wapo watu wanaofanya kazi, wanaolea watoto na wanaokunywa dozi yao kila asubuhi kama wanavyokunywa chai. Kijiwe kinachowacheka kina watu wangapi waliokuwapo miaka mitano iliyopita?

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa madrasa, Chumbageni. Nimesoma kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo. Nikiwaambia vijana hivyo, si nitakuwa nimewaondolea jukumu? Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pia ninaye kijana anayetumia methadoni ambaye ananiuliza habari ya Ramadhani.

JIBU: Waalaykum salaam, Mwalimu. Kauli hiyo ilipata nguvu mwaka 1997, Alan Leshner, aliyekuwa akiongoza taasisi ya taifa ya utafiti wa dawa za kulevya ya Marekani, alipoandika kwamba uraibu ni ugonjwa wa ubongo. Aliyeshika uongozi huo baada yake mwaka 2003, Nora Volkow, ameijenga hoja hiyo kwa picha nyingi za PET. Wapo wataalamu wanaoipinga, na baadhi yao huwataja wale wale askari wa Vietnam niliowataja juu. Mimi sioni haja ya kuchagua upande mmoja na kuutupa mwingine. Picha huonyesha tofauti. Chanzo cha tofauti hazikionyeshi kila mara. Watafiti wa Amsterdam, kwa mfano, mwaka 2008 waliwapima watu waliokwisha kuacha wakakuta katika sehemu moja ya ubongo vipokezi vya dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, bado ni vichache kuliko vya wengine. Je, heroini ndiyo iliyovipunguza, au walizaliwa navyo vichache wakawa wepesi kunaswa? Picha iliyopigwa mara moja haiwezi kulijibu swali hilo.

Kuhusu jukumu, sehemu za mbele za ubongo ambazo mtu huzitumia kujizuia ni miongoni mwa zile zinazoonekana kudhoofika kwa waraibu. Nia ipo, ila ni chache. Kijana akiachwa bila tiba hulazimika kuitumia mara hamsini kwa siku, kila kona na kila rafiki, na itamwishia kabla ya adhuhuri. Akiwa katika tiba huitumia hasa mara moja, asubuhi, kwa kuinuka na kwenda Bombo. Huko ndiko kuinama kwake, na mimi ningemhesabia.

Ramadhani ina pande mbili. Upande wa dawa, kwa kuwa methadoni hudumu mwilini zaidi ya saa 24, kliniki inaweza kumshauri namna ya kusogeza saa ya kunywa, lakini lazima aongee nao kabla ya mwezi kuandama, si siku ya kwanza ya mfungo. Asiruke dozi kwa nia ya kufunga. Akiikosa kwa siku tatu mfululizo au zaidi, mazoea ya mwili huwa yameanza kushuka, na haifai arudie dozi yake nzima bila kupimwa upya. Upande wa fiqhi, kama anaingia katika ruhusa ya mgonjwa au haingii, ni wako wewe na mashekhe wako. Naomba umjibu mapema, kwa sababu ninavyoielewa barua yako, kijana huyo hatakwenda kuongea na kliniki mpaka akusikie wewe kwanza.